Walilala Mjini, Wakaamka Nje ya Mji

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa mapishi ya futari, hebu niazime dakika kumi. Chukua kalamu na kipande cha karatasi, kisha uchore mraba. Umemaliza? Sasa ufute. Mahali pake chora umbo lenye pande 28: mstari uingie huku, utokee kule, uikwepe nyumba hii, uikumbatie ile, mpaka upate kitu kisichofanana na mnyama yeyote umjuaye. Hapo utakuwa umechora ramani ya mji mdogo wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, jinsi sheria ya mwaka 1957 ilivyoamuru iwe.

Ule mraba ndio uliokuwa mji. Ndani yake mlikuwa na wapiga kura weusi wapatao 400. Ilipokuja ramani mpya walibakia wanne au watano. Mpiga kura wa Kizungu hata mmoja hakutolewa. Wala hakuna aliyehamishwa nyumbani kwake, hakuna aliyechomewa nyumba, hakuna sanduku la kura lililovunjwa. Watu walilala mjini wakaamka nje ya mji, na vitanda vyao viko pale pale!

Tukizungumzia haki za watu weusi kule Marekani, vijana wetu huwataja Martin Luther King, Malcolm X na mama Rosa Parks. Tuskegee hawaitaji, au wakiitaja ni kwa ule utafiti mbaya wa kaswende. Lakini jambo lililofanyika pale kuhusu kura lafaa kujulikana na kila anayekwenda kupiga kura, kwa sababu sisi tumezoea kulinda sanduku tu. Pale sanduku halikuguswa kabisa.

SHULE ILIYOPATIKANA KWA KURA

Turudi nyuma kidogo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, watumwa waliachwa huru, na mwaka 1870 katiba ya Marekani ikaongezewa kifungu, Marekebisho ya 15, kinachokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Weusi wakapiga kura, tena kwa wingi.

Pale Tuskegee palikuwa na fundi mmoja, Lewis Adams, aliyezaliwa mtumwa. Alikuwa akitengeneza viatu, hatamu za farasi na vyombo vya bati, na neno lake lilisikika kwa watu weusi. Katika uchaguzi wa 1880 mgombea mmoja wa Kizungu, W. F. Foster, alimwendea akitaka kura. Adams hakuomba pesa, wala hakuomba unga na sukari (hapa mimi hucheka peke yangu). Alisema: tukikupa kura, tunataka shule. Foster akashinda, na mwaka 1881 bunge la Alabama likatenga dola 2,000 kwa mwaka za kulipa walimu. Tarehe 4 Julai shule ikafunguliwa chini ya kijana wa miaka 25 aitwaye Booker T. Washington. Ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Tuskegee, ambayo leo ni chuo kikuu.

Kumbe wazungu wa Alabama nao walikuwa wameona kura inavyoweza kuleta mambo. Mwaka 1901 wakaandika katiba mpya ya jimbo. Hawakuandika kwamba mweusi asipige kura, kwa maana katiba ya taifa ingewazuia. Waliandika kodi ya kura, mtihani wa kusoma na kuandika, sharti la kumiliki mali, na wakawapa makarani wa usajili ruhusa ya kuamua nani ana "tabia njema". Alabama ilikuwa na wanaume weusi zaidi ya 180,000 wa umri wa kupiga kura. Miaka miwili baadaye walioandikishwa hawakuzidi kama 3,000. Shule iliyozaliwa kwa kura ikajikuta imezungukwa na watu wasio na kura.

Washington mwenyewe, ambaye hadharani alikuwa akiwaambia weusi wafanye kazi kwanza na siasa zingoje, kwa siri alitoa pesa za kupeleka jambo hili mahakamani. Kesi ilifika Mahakama ya Upeo mwaka 1903 na ikashindwa. Jibu la majaji lilikuwa la ajabu: ikiwa mpango mzima wa usajili ni wa hila, basi vipi mwaomba kuandikwa katika hila hiyo? Wakaambiwa waende kwa wanasiasa. Wanasiasa wale wale!

MLANGO WA OFISI YA USAJILI

Sasa fikiria mji wenyewe ulivyokuwa katika miaka ya 1940 na 1950. Kaunti ya Macon ilikuwa na watu kama 30,000, na zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa weusi. Palikuwa na maprofesa wa Taasisi. Palikuwa na hospitali kubwa ya wanajeshi wastaafu weusi, iliyofunguliwa 1923, yenye madaktari na wauguzi wanaolipwa na serikali ya taifa. Watu hawa mshahara wao haukutoka kwa mzungu wa pale mjini. Mtihani wa kusoma na kuandika ungewashinda vipi?

Haukuwashinda, basi wakatafutiwa mengine. Kwanza ilibidi uje na mdhamini, mpiga kura aliyekwisha andikishwa, na makarani walitaka awe mzungu. Mwalimu Charles Gomillion, aliyekuwa akifundisha Taasisi tangu 1928, alijaribu kujiandikisha mwaka 1934 akakataliwa. Alifaulu 1939, baada ya mkandarasi wa Kizungu aliyekuwa akimjengea nyumba kukubali kumdhamini. Yaani msomi hakutambulika mpaka aliposemewa na aliyetaka kazi yake ya ujenzi.

Kisha makarani walikuwa wakichukua watu weusi wawili wawili, na kumpa kila mmoja kipande kirefu cha katiba akinakili kwa mkono, neno kwa neno. Mtu aliweza kukaa saa nzima na zaidi akiandika, na huko nje foleni imesimama. Jua likazama, ofisi ikafungwa, rudi siku nyingine. Ukimaliza, hujibiwi umefaulu au umefeli. Mzungu akija yeye husaidiwa. Na ikionekana weusi wamezidi kuja, makarani hujiuzulu! Bodi hukosa watu, na miezi hupita bila usajili wowote. Wale miongoni mwetu waliowahi kuzungushwa kwa kitambulisho wataijua ladha ya neno "rudi kesho".

Mwaka 1941 wakazi weusi waliunda Jumuiya ya Kiraia ya Tuskegee, Mwalimu Gomillion akiwa kiongozi wake. Hapa ndipo nataka utulie, ndugu yangu. Jumuiya hii haikuwa na silaha, na kwa muda mrefu haikuwa hata na maandamano. Ilikuwa na madaftari. Katibu wake, Bwana William P. Mitchell, mfanyakazi wa ile hospitali, alihakikisha kila safari ya kwenda kujiandikisha inaandikwa: nani alikwenda, alifika saa ngapi, aliitwa saa ngapi, aliandika kwa muda gani, wangapi waliachwa foleni, nani alijibiwa na nani hakujibiwa. Mwaka baada ya mwaka. Ni kazi ya kuchosha isiyopigiwa makofi, nami nakiri kwamba ningeichoka mwezi wa kwanza. Tume ya taifa ya haki za raia ilipofanya kikao chake cha kwanza cha kusikiliza mashahidi, mjini Montgomery mnamo Disemba 1958, iliwakuta watu wa Macon wakiwa na rekodi zao tayari. Makarani walificha vitabu vyao. Weusi walikuwa na vyao.

PANDE 28

Pamoja na vizuizi vyote hivyo, walioandikishwa waliongezeka polepole, hadi ndani ya mipaka ya mji wakafika wale 400. Wazungu wakapiga hesabu. Wakiendelea hivi, uchaguzi wa meya na madiwani utakuwa mikononi mwao. Ndipo akainuka seneta wa jimbo, Sam Engelhardt, mwenye mashamba ya pamba na kiongozi wa mabaraza ya wazungu yaliyopinga usawa, akaleta mswada wa kubadili mipaka ya Tuskegee. Ulipita bila upinzani. Gavana James Folsom hakuutia sahihi, lakini hakuuzuia pia, ukawa sheria nambari 140 ya 1957. (Engelhardt aliwahi kupendekeza hata kaunti nzima ya Macon ifutwe, igawiwe majirani. Hilo halikutimia.)

Taasisi ya Tuskegee, iliyoutangaza mji huo duniani kote, ikawekwa nje ya mji wa Tuskegee.

Mwaka huo huo wa 1957, sisi Kenya tulikuwa na uchaguzi wetu wa kwanza wa wajumbe Waafrika wa baraza la kutunga sheria, ambapo mtu aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu kulingana na elimu, kipato na kadhalika, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza kuonyesha cheti cha utiifu. Kwa hivyo huko Alabama kusikushangaze sana.

NUNUA KWA RAFIKI

Jumanne usiku, tarehe 25 Juni 1957, watu wapatao 3,000 walifurika katika kanisa la Butler Chapel na nje yake. Wengi hawakupata pa kukaa. Mwalimu Gomillion alikuwa mtu mpole, msemaji wa polepole, si wa kupiga meza. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: kuanzia sasa tununue kwa rafiki zetu tu.

Tazama maneno hayo yalivyopimwa. Alabama ilikuwa na sheria inayokataza kususia biashara. Basi hawakutamka neno kususia. Walisema "rafiki". Na aliyekutoa nje ya mji si rafiki, hilo halihitaji kuelezwa. Asubuhi yake barabara za katikati ya mji zilikuwa tupu. Familia zilisafiri hadi miji ya jirani kununua unga na viatu, na waliokuwa na magari waliwabeba wasiokuwa nayo. Maduka ya watu weusi yakapanuka. Ya wazungu, ambayo wateja wao wengi walikuwa weusi, yakaanza kufungwa moja baada ya jingine.

Mwanasheria mkuu wa jimbo, John Patterson, alikwenda Tuskegee yeye mwenyewe, ofisi ya Jumuiya ikapekuliwa, na akaomba mahakama iwapige marufuku. Mwaka 1958 jaji wa jimbo, mzungu, akakataa: mtu ana hiari ya kununua atakapo. Patterson hakupoteza kitu, kwani mwaka huo huo alichaguliwa gavana.

Mikutano iliendelea kila wiki. Usidhani ilikuwa rahisi. Mama wa nyumbani aliyezoea kuvuka barabara akapata sabuni, sasa asafiri kilomita nyingi kuifuata, na hajui itakwisha lini. Vitabu vya historia humtaja Gomillion, lakini hesabu ya duka lililofungwa ni hesabu ya mama yule.

MBELE YA MAJAJI TISA

Agosti 1958 kesi ikafunguliwa: Gomillion na wenzake dhidi ya meya Philip Lightfoot. Wakili wao Fred Gray alikuwa na miaka 27, naye ndiye aliyekuwa amemtetea Rosa Parks. Jaji Frank Johnson wa mahakama ya taifa pale Alabama akaitupa kesi: jimbo lina mamlaka ya kuchora mipaka ya miji yake. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye, majaji wawili dhidi ya mmoja.

Kikwazo kilikuwa hukumu ya Mahakama ya Upeo ya mwaka 1946, iliyosema mahakama zisiingie katika mambo ya mipaka ya uchaguzi kwani hiyo ni siasa. Aliyeandika maoni hayo ni Jaji Felix Frankfurter. Naye mwaka 1960 alikuwa bado yuko pale, amekaa kwenye kiti chake, akimngoja Gray.

Gray alisimama mbele ya majaji Oktoba 1960, hajatimiza miaka 30, pamoja na Robert Carter wa chama cha NAACP. Carter alikuwa amefanya kazi miaka mingi chini ya Thurgood Marshall, na Marshall huyu twamfahamu: mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1960 alikuwa London, Lancaster House, akiwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya na kuwaandalia rasimu ya haki za kimsingi.

Gray alikuja na ramani kubwa: mraba wa zamani, na ndani yake lile dude la pande 28. Baadaye amesimulia kwamba Jaji Frankfurter alimwuliza, hebu nionyeshe Taasisi ya Tuskegee iko wapi. Gray akamwonyesha, nje ya mstari. Mzee akashangaa: yaani Taasisi ya Tuskegee haimo katika mji wa Tuskegee? Naam, haimo. Gray anasema hapo akahisi kesi imeshapatikana.

Tarehe 14 Novemba 1960 majaji wote tisa walikubaliana, na aliyeandika hukumu ni Frankfurter mwenyewe. Alisema jimbo lina mamlaka juu ya miji yake, lakini mamlaka hayo hayawezi kuwa mlango wa nyuma wa kuivunja katiba ya taifa. Ukiwatoa weusi peke yao mjini ili wasipige kura ya mji, umevunja Marekebisho ya 15, hata ukiita kazi hiyo uchoraji wa mipaka. Mwaka 1961 Jaji Johnson, yule yule aliyeitupa kesi, akaifuta sheria nambari 140, na mraba ukarudi. Mwaka huo huo, katika kesi nyingine, akaamuru makarani wa Macon wawaandikishe weusi kwa kipimo kile kile cha wazungu. Ushahidi uliomwonyesha hila zao ulikuwa wa aina ile iliyokuwa katika yale madaftari: nani, lini, saa ngapi.

WAZEE NA VIJANA

Kufikia 1964 weusi walikuwa wengi katika sajili ya wapiga kura. Wangeweza kuchukua viti vyote. Mwalimu Gomillion na wazee wenzake wakasema la, tusiondoe serikali ya rangi moja tukaweka nyingine. Wakagombea viti viwili tu kati ya vitano vya baraza la mji, wakavipata.

Vijana wa Taasisi hawakuridhika. Waliona wazee wanaogopa, wanaomba ruhusa ya kutumia kitu ambacho tayari ni chao. Nami msimuliaji nimeupindua mjadala huu mara nyingi, na bado sijui ningekaa upande gani. Mzee alikuwa amengoja miaka 30 na alitaka mji usiwakimbize wazungu. Kijana alikuwa akiona nchi bado inamuua.

Na kweli iliua. Tarehe 3 Januari 1966 Sammy Younge, mwanafunzi wa miaka 21 aliyewahi kutumikia jeshi la wanamaji, aliyekuwa akisaidia watu kujiandikisha kura, alipigwa risasi kwenye kituo cha mafuta baada ya kugombana kwa ajili ya choo cha wazungu. Aliyempiga risasi alishitakiwa. Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, likamwachilia mwezi wa Disemba.

Katikati ya mwaka huo wa msiba, Lucius Amerson, mweusi, mkongwe wa vita vya Korea aliyekuwa mfanyakazi wa posta, aligombea usherifu, yaani ukuu wa polisi wa kaunti. Baadhi ya wazee walimwunga mkono mzungu aliyekuwa kazini. Amerson akashinda, akawa sherifu wa kwanza mweusi kusini mwa Marekani tangu zama zilizofuata kuachwa huru watumwa. Mwaka 1972 Tuskegee ikapata meya mweusi, Johnny Ford. Wazungu wengi walihama, kama Gomillion alivyohofia. Yeye alifariki 1995.

Katikati ya hayo, mwaka 1965, ilikuja sheria kubwa ya haki ya kura. Ilisema kwamba sehemu zenye historia kama ya Alabama zisibadili hata mstari mmoja wa mpaka, wala kuhamisha kituo cha kupigia kura, mpaka ziombe kibali cha serikali ya taifa kwanza. Ilisaidia. Mwaka 2008 mji mdogo wa Calera, katika kaunti ya Shelby, Alabama, ulichora upya wadi yake moja iliyokuwa na weusi wengi, wakashuka kutoka zaidi ya asilimia 70 hadi chini ya 30. Diwani pekee mweusi akaanguka. Kwa sababu ya sheria ile serikali ilikataa, uchaguzi ukarudiwa chini ya utaratibu mwingine, akashinda. Kaunti ya Shelby ikaenda mahakamani kupinga sheria yenyewe, na Mahakama ya Upeo, kwa kura tano dhidi ya nne, ikaondoa sharti la kibali. Tarehe ilikuwa 25 Juni 2013, siku ile ile ambayo watu 3,000 walikusanyika Butler Chapel miaka 56 nyuma.

Alabama hiyo hiyo ina kijiji kiitwacho Newbern, watu kama 130, wengi wao weusi, ambacho kwa miongo mingi hakikufanya uchaguzi wa aina yoyote. Umeya ulikuwa ukikabidhiwa tu, mzungu kwa mzungu. Mwaka 2020 Patrick Braxton, mweusi, mzimamoto wa kujitolea, alichukua fomu. Hakukuwa na mpinzani, akawa meya. Waliokuwa madarakani wakajiteua upya na kubadilisha kufuli la ofisi. Braxton alikwenda kortini, akarudishiwa kiti chake 2024. Agosti 2025 wakazi wa Newbern wakapanga foleni na kupiga kura. Braxton alipata 66, mpinzani wake 26.